Namna ya kujenga, na kukagua, dai la jimbo la lugha nchini India

Tume ya Kupanga Upya Majimbo iliundwa Desemba 1953. Mwenyekiti wake alikuwa Fazl Ali, na wajumbe wenzake H. N. Kunzru na K. M. Panikkar. Ilipokea karatasi 152,250 kutoka kila pembe ya India. Sehemu kubwa zilikuwa telegramu na maazimio yaliyochapwa, yakitaja dai na kuishia hapo. Kwa hesabu ya tume yenyewe, nyaraka zenye hoja zilizofikiriwa vizuri hazikuzidi 2,000 hivi.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuandika waraka unaoingia katika hizo 2,000, na namna ya kutambua mapungufu ya waraka wa mwingine. Unamfaa anayefuatilia madai yaliyo hai hadi leo, kama Gorkhaland (ya wasemaji wa Kinepali wa Bengal Magharibi), Mithila (ya wasemaji wa Kimaithili wa Bihar) au Belagavi (mji na wilaya ya Karnataka inayodaiwa na Maharashtra), na pia anayesoma historia na kutaka kujua kwa nini mstari fulani ulipita hapa na si pale. Kelele za barabarani huifanya Delhi, yaani serikali kuu, iketi kusikiliza, lakini mstari wenyewe huchorwa na majedwali. Harakati nyingi zilizofanikiwa kwa jambo la kwanza zilipoteza miji na mabwawa kwa sababu hazikujiandaa kwa la pili.

Jua kwanza unadai nini

Madai ya lugha huwekwa kapu moja, lakini kazi zake hazifanani. Andhra ilikuwa kazi ya kumega: wilaya za wasemaji wa Kitelugu zitolewe katika jimbo la Madras (sasa Tamil Nadu). Odisha na Karnataka zilikuwa kazi ya kukusanya, yaani wasemaji waliotawanyika chini ya serikali kadhaa waletwe chini ya moja. Belagavi ni kazi ya kuhamisha kipande cha mpaka kati ya majimbo mawili yaliyopo tayari. Telangana, iliyotoka Andhra Pradesh, ilikuwa kutengana ndani ya lugha ileile, Kitelugu.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu kila aina ina mpinzani wake. Anayemega anapambana na jimbo mama peke yake. Anayekusanya ana wapinzani wengi, ila kila mmoja anapoteza kidogo, na ndiyo maana wakati mwingine njia hii huwa nyepesi kuliko inavyoonekana. Kuhamisha ndiko kugumu kuliko kote: pande zote mbili zina serikali, polisi na wapiga kura, na hakuna waziri mkuu wa jimbo anayetaka kwenda kwenye uchaguzi akiwa ameachia kijiji. Na ukitengana ndani ya lugha moja, hoja ya lugha huna kabisa. Telangana ilijengwa juu ya ajira, maji, fedha na ahadi zilizovunjwa. Waraka unaochanganya aina mbili bila kusema hivyo humpa mpinzani nafasi ya kujibu ile iliyo dhaifu na kuinyamazia ile yenye nguvu.

Wasemaji wakiwa wachache au wamechanganyikana mno na wengine, kuna ngazi ya chini ya jimbo: baraza lenye mamlaka ya ndani chini ya Jedwali la Sita la Katiba, linalotumika katika Assam, Meghalaya, Tripura na Mizoram. Bodoland, ya wasemaji wa Kibodo wa Assam, ilipita huko. Makubaliano yake ya 1993 yalitiwa saini kabla mpaka haujakubaliwa, ubishi juu ya vijiji vipi viingie ukayaua. Makubaliano ya 2003 yalikuja na vijiji 3,082. Ukikagua makubaliano yoyote ya namna hii, tafuta kwanza orodha ya vijiji. Kama haipo, kilichotiwa saini ni nia tu.

Wengi huanza kwa kupigania lugha yao iingie katika Jedwali la Nane la Katiba, orodha ya lugha zinazotambuliwa rasmi, lililoanza na lugha 14 na sasa lina 22. Lina faida zake katika mitihani ya serikali na fasihi, lakini si ngazi ya kwenda kwenye jimbo. Kinepali kiliingia 1992, na Gorkhaland haijazaliwa. Kimaithili kiliingia kwa Marekebisho ya 92 ya mwaka 2003, na Mithila bado ni sehemu ya Bihar.

Sensa: soma swali kabla ya jibu

Hesabu ya lugha hutoka katika sensa, katika jedwali la C-16 linaloonyesha lugha ya mama hadi ngazi ya taluka, yaani mgawanyo wa wilaya (kaskazini huitwa tehsil). Hili ndilo jedwali la kuanzia. Usianze na takwimu za gazeti wala za chama.

Kisha jua jinsi jedwali lilivyopikwa. Katika sensa ya 2011 wananchi walitaja majina 19,569 ya lugha za mama. Ofisi ya sensa iliyachambua yakawa 1,369, halafu ikayakusanya kuwa lugha 121 zenye wasemaji 10,000 au zaidi. Katika hatua hiyo ya mwisho Kibhojpuri, chenye wasemaji zaidi ya milioni 50, huhesabiwa ndani ya Kihindi, pamoja na Kirajasthani, Kichhattisgarhi na nyingine nyingi. Kwa hiyo dai la lugha iliyomezwa na kundi kubwa lazima litumie safu ya lugha ya mama, si safu ya lugha. Anayelipinga atatumia ile nyingine, na wote wawili watakuwa wamenukuu sensa ileile kwa usahihi. Katika waraka, andika safu uliyotumia chini ya kila jedwali.

La tatu ni mwaka. Punjab ndiyo darasa la somo hili. Kabla na wakati wa sensa ya 1951 kulikuwa na kampeni za kuwataka Wahindu wanaozungumza Kipunjabi nyumbani wajiandikishe kuwa wasemaji wa Kihindi. Majibu yakavurugika kiasi kwamba Kihindi, Kipunjabi, Kiurdu na Kipahari havikutenganishwa katika majedwali ya eneo hilo. Mwaka 1966 Tume ya Shah ilipopewa kazi ya kugawa Punjab, ilitumia sensa ya 1961, nayo ilikuwa na dosari hiyohiyo. Waliolalamika walikuwa na haki, lakini hawakuwa na takwimu mbadala mkononi.

Njia ya kujikinga ni kuweka sensa tatu mfululizo kando kwa kando, taluka kwa taluka. Lugha ya mama ya mkoa mzima haibadiliki kwa asilimia 15 ndani ya miaka kumi bila watu kuhama au kuhimizwa kujibu vingine. Ukiona mruko kama huo, tafuta idadi ya watu kwa ujumla: kama haikuruka, jibu ndilo lililobadilika, si watu. Ongeza ushahidi wa pembeni, kama vile lugha ya kufundishia katika shule za msingi, lugha ya hati za ardhi na lugha ya mashauri katika mahakama za chini. Ushahidi huu hauwezi kuchukua nafasi ya sensa, lakini huonyesha sensa ilipopinda.

Tangu 2011 hakuna sensa nyingine iliyotoa majedwali haya, kwa kuwa ile ya 2021 iliahirishwa. Dai lolote la leo linasimama juu ya takwimu za zamani, na pande zote zinalijua hilo.

Kipimo: wilaya, taluka au kijiji

Hapa ndipo mpaka unapoamuliwa, na hapa ndipo wasomaji wengi hupita haraka. Chukua wilaya ya kubuni yenye watu 1,000,000 na taluka tano zenye watu 200,000 kila moja. Wasemaji wa lugha B katika taluka hizo ni asilimia 70, 62, 28, 18 na 12. Wasemaji wa lugha A ni asilimia 24, 30, 64, 72 na 80. Waliobaki wanazungumza lugha nyingine.

Ukitumia wilaya kama kipimo, A wana asilimia 54 na B 38, kwa hiyo wilaya yote inakwenda jimbo la A na wasemaji 380,000 wa B wanabaki wachache huko. Ukitumia taluka, mbili za kwanza zinakwenda B. Sasa wasemaji 108,000 wa A wako upande wa B, na 116,000 wa B wako upande wa A, jumla 224,000. Hesabu hiyo ya mwisho, yaani watu wangapi wanaishia upande usio wa lugha yao, ndiyo hoja bora kwa kipimo kidogo, na ni ajabu jinsi nyaraka nyingi zinavyoisahau zikabaki kurudia asilimia. Ukishuka hadi kijiji idadi hiyo hupungua tena, lakini mpaka unaanza kuwa na meno, visiwa vya ardhi vinatokea, na barabara moja inakatwa mara tatu.

Tume ya 1953–1955 kwa kawaida ilishika wilaya kama kipimo, ikishuka hadi taluka pale tu ilipoona sababu nzito. Wilaya ya Belgaum (jina la zamani la Belagavi) ilipelekwa jimbo la Mysore (sasa Karnataka) ikiachwa taluka ya Chandgad, iliyobaki jimbo la Bombay. Kusini mwa Travancore, eneo ambalo sehemu yake kubwa iliingia Kerala, taluka nne za wasemaji wa Kitamil, Agastheeswaram, Thovala, Kalkulam na Vilavancode, zilikwenda Madras. Devikulam na Peermade, ambako wasemaji wa Kitamil walikuwa wengi pia, zilibaki Kerala. Sehemu kubwa ya Watamil hao walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya chai waliohesabiwa kama wageni wa muda, na maeneo yale ya milimani yalihesabika kuwa muhimu kwa uchumi wa Kerala. Kama dai lako linategemea wafanyakazi waliohamia, tegemea jibu hilo na andaa takwimu za waliozaliwa hapohapo.

Kijiji kilipata nafasi yake katika kanuni ya H. V. Pataskar, aliyepatanisha Andhra Pradesh na Madras. Kanuni hiyo ilishika mambo matatu: kijiji kama kipimo, kushikana kwa ardhi, na wingi wa wasemaji. Ilifungwa kwa sheria ya 1959 iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1960, na Tiruttani ikarudi Madras. Maharashtra hudai kanuni hii itumike Belagavi. Karnataka husema kilichoamuliwa 1956 kimeamuliwa. Ilifanya kazi kule kwa sababu serikali mbili zilikubali kipimo kabla ya kuhesabu. Kipimo kikichaguliwa baada ya kuhesabu, kila upande unachagua kile kinachompa ushindi, na hakuna mpatanishi anayeweza kuwarudisha nyuma.

Swali dogo linaloleta ugomvi mkubwa: wingi wa nini? Zaidi ya asilimia 50, au lugha inayozidi nyingine zote hata ikiwa na asilimia 41? Katika vijiji vyenye lugha tatu majibu hayo mawili huleta ramani mbili. Andika jibu lako wazi kwenye ukurasa wa kwanza, na ulitumie kila mahali, hata pale linapokuumiza.

Kushikana kwa ardhi

Wingi bila kushikana haukufikishi popote. Tume ya Mathew, 1985–1986, ilipewa kazi ya kutafuta maeneo ya wasemaji wa Kihindi katika Punjab yaliyofaa kupewa Haryana kama fidia, Chandigarh ikienda Punjab. Abohar na Fazilka yalikuwa na maeneo kama hayo, lakini kati yake na Haryana kilisimama kijiji kimoja, Kandu Khera. Januari 1986 wakazi wake walihesabiwa upya kwa lugha, wengi wakaonekana kuwa wasemaji wa Kipunjabi. Mnyororo ukakatika, uhamisho ukafa, na Chandigarh imebaki chini ya serikali kuu mpaka leo.

Kwa hiyo tafuta Kandu Khera yako kabla mpinzani hajaiona. Pakua ramani ya mipaka ya vijiji, weka rangi kwa kila kijiji kulingana na lugha yenye wingi, kisha fuata ukanda kutoka kundi lako hadi kwenye jimbo unalotaka kuingia. Mahali ukanda unapopita kijiji kimoja tu ndipo pa kukagua nyumba kwa nyumba. Mpaka wa pamoja usiwe wa kugusana pembeni. Uwe na urefu wa kupitisha barabara.

Kushikana hutumika pia kinyume cha lugha. Mwaka 1956 sehemu ya Kishanganj upande wa Islampur ilitolewa Bihar ikapewa Bengal Magharibi ili kuunganisha wilaya zake za kaskazini na za kusini, zilizokuwa zimetenganishwa tangu mgawanyo wa 1947. Hoja ilikuwa njia, si lugha.

Mji uandikiwe waraka wake

Madras (sasa Chennai), Bombay (sasa Mumbai), Chandigarh, Hyderabad: karibu kila dai kubwa limekwama kwenye mji. Sababu ni kwamba mji hauna lugha ya jirani zake. Bombay ilikuwa imezungukwa na wasemaji wa Kimarathi, nao walikuwa kundi kubwa kuliko mengine ndani ya mji, lakini hawakufika nusu, na mtaji mwingi ulikuwa mikononi mwa Wagujarati na wengine. Kamati ya Nehru, Patel na Pattabhi Sitaramayya ilikuwa imesema wazi 1949 kwamba Andhra ingewezekana ikiwa wadai wataiacha Madras. Hawakuiacha. Potti Sreeramulu, mwanaharakati wa jimbo la Andhra, alianza kufunga kula tarehe 19 Oktoba 1952, akafa 15 Desemba. Ghasia zikafuata, na siku nne baadaye Nehru akatangaza jimbo. Lakini jimbo hilo lilipozaliwa tarehe 1 Oktoba 1953, mji mkuu ulikuwa Kurnool. Madras ilibaki ilipokuwa.

Samyukta Maharashtra, harakati ya kudai jimbo moja la wasemaji wa Kimarathi pamoja na Bombay, ilikataa biashara hiyo na ikashinda, kwa bei kubwa. Serikali ilitaka Bombay iwe peke yake, kisha 1956 ikaunda jimbo la lugha mbili, Kimarathi na Kigujarati. Watu 106 wanakumbukwa kama waliokufa katika harakati hizo. Mnara wao uko Hutatma Chowk. C. D. Deshmukh aliacha uwaziri wa fedha kwa kupinga msimamo wa serikali. Muungano wa vyama vya upinzani, Samyukta Maharashtra Samiti, uliichapa Congress, chama tawala, vibaya magharibi mwa Maharashtra katika uchaguzi wa 1957, na upande wa Kigujarati Mahagujarat Janata Parishad ya Indulal Yagnik nayo haikutaka jimbo la pamoja. Tarehe 1 Mei 1960 majimbo mawili yakazaliwa, Bombay ikiwa ya Maharashtra. Kilichogeuza mambo ni kwamba pande zote mbili za lugha zilikataa ndoa ile. Kama Wagujarati wangeridhika nayo, sioni jinsi Delhi ingeivunja mapema hivyo.

Kwa vitendo: tenga dai la mji na dai la wilaya katika nyaraka mbili. Katika ule wa mji usitegemee asilimia ya lugha. Onyesha maji ya kunywa yanatoka wapi, umeme unatoka wapi, wafanyakazi wanalala wapi, na mapato ya kodi ya mji yanalipia nini nje yake. Kuwa na pendekezo la pili tayari: mji mkuu wa pamoja kwa muda, kama Hyderabad ilivyowekwa kwa miaka isiyozidi kumi kuanzia 2014, au eneo la serikali kuu. Pendekezo la pili lisiandikwe katika waraka wa kwanza. Likiandikwa, ndilo utakalopewa.

Maji, madeni na watumishi

Tume ya Kupanga Upya Majimbo, katika ripoti yake ya 1955, ilipima madai kwa mambo manne: umoja na usalama wa nchi, ulinganifu wa lugha na utamaduni, fedha na utawala, na utekelezaji wa mpango wa taifa wa maendeleo. Lugha ni moja kati ya manne. Waraka wa kurasa 60 wenye kurasa 55 za historia ya mashairi haujibu matatu yaliyobaki.

Bellary, wilaya iliyokuwa ndani ya Madras, inaonyesha uzito wa maji. Mwaka 1953 taluka za Adoni, Alur na Rayadurg zilikwenda Andhra na sehemu nyingine Mysore, kwa misingi ya lugha. Lakini bwawa la Tungabhadra liko hapo, na mashamba yanayolitegemea yako pande zote mbili. Ilibidi iundwe bodi ya pamoja ya kuliendesha. Miaka miwili baadaye tume ilipendekeza sehemu ya eneo hilo lililokwenda Mysore ipewe Andhra kwa sababu ya bwawa, na serikali haikufuata. Kama mto au bwawa lolote liko kilometa chache kutoka kwenye mstari wako, waraka wako uwe na sura ya nani atafungua malango na kwa ratiba ipi.

Deni, pensheni na mali kwa kawaida hugawanywa kwa uwiano wa watu, isipokuwa mali isiyohamishika inayobaki ilipo. Mwaka 2014 uwiano kati ya Andhra Pradesh na Telangana ulikuwa 58.32 kwa 41.68. Fanya hesabu hiyo kwa jimbo lako linalodaiwa na uionyeshe hata kama matokeo ni nakisi. Nakisi iliyoelezwa hujadiliwa, iliyofichwa hugunduliwa na wizara ya fedha. Watumishi ndio hubaki na kesi ndefu zaidi. Taja mapema kigezo cha nani aende wapi: mahali alipozaliwa, alipoajiriwa, au anapochagua mwenyewe.

Wachache watakaobaki ndani

Kila jimbo la lugha huzaa wachache wapya siku ya kwanza. Viwango vilivyozoeleka ni hivi. Jimbo huhesabiwa la lugha moja pale kundi moja linapofika asilimia 70 hivi au zaidi. Wachache wakifika 30, jimbo litambuliwe la lugha mbili kiutawala. Matangazo na kanuni zichapishwe katika lugha ya wachache pale wanapofika asilimia 15 hadi 20 ya eneo. Mwalimu wa lugha ya mama awekwe shule ya msingi yenye wanafunzi 40 wa lugha hiyo, au 10 katika darasa moja. Marekebisho ya Saba ya 1956 yaliongeza Ibara za 350A na 350B, moja ya elimu ya msingi katika lugha ya mama na nyingine ya ofisa maalumu wa wachache wa lugha.

Viwango hivi ni vya kiutawala na mara nyingi havitekelezwi. Ofisa wa 350B huripoti; haamuru. Kama wewe ndiye mdai, yaweke kama masharti ndani ya muswada, kwa idadi na tarehe. Angalia kilichotokea pale ahadi zilipoachwa nje ya sheria: makubaliano ya Februari 1956 kati ya viongozi wa Andhra na Telangana juu ya ajira, bajeti na nyadhifa hayakushikiliwa, maandamano makubwa yakalipuka 1969, na 2014 Andhra Pradesh ikapasuka. Rayalaseema, eneo la ndani la Andhra, nayo ilikuwa na Mapatano ya Sribagh ya 1937, na hata leo yananukuliwa na wanaolalamika kuachwa nyuma.

Maneno ya dai na shinikizo

Tume hiyohiyo ya 1955 ilikataa Punjabi Suba, jimbo la wasemaji wa Kipunjabi, ikiona dai la dini limevaa nguo za lugha. Master Tara Singh, kiongozi wa Masingasinga, alifunga kula siku 48 mwaka 1961, akaacha bila kupata jimbo, na hadhi yake ikaporomoka. Sant Fateh Singh alilisuka upya dai hilo: mpaka ufuate lugha, hata kama Masingasinga hawatakuwa wengi ndani yake. Hilo ndilo lililofika mwisho, tarehe 1 Novemba 1966. Vita vya 1965 na Pakistan vilisaidia, bila shaka, lakini bila kauli ile mpya Delhi isingekuwa na namna ya kukubali. Soma waraka wako kwa jicho la mtu anayetafuta dini, tabaka au kujitenga ndani yake, na uondoe kila sentensi inayompa riziki.

Kufunga kula hadi kufa si mbinu ya kuigwa: Sreeramulu alikufa, watu wengine wakapigwa risasi katika ghasia, na mji alioutaka haukupatikana. Kinachofanya kazi kwa utulivu zaidi ni muungano wa vyama unaoweza kuondoa viti vya chama tawala, na matembezi marefu yanayoonyesha kwamba wanavijiji wenyewe wanataka. Wabengali wa Manbhum, wilaya ya Bihar wakati huo, chini ya Lok Sevak Sangh, walitembea hadi Kolkata mwaka 1956, na Novemba hiyo Purulia ikaingia Bengal Magharibi. Sehemu za Manbhum upande wa viwanda zilibaki Bihar. Kura ya maoni haina nafasi katika Ibara ya 3, lakini iliwahi kufanyika Goa, tarehe 16 Januari 1967, na Wagoa wakakataa kuungana na Maharashtra.

Ibara ya 3 na ya 4

Njia ya kisheria ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Bunge la India linaweza kwa sheria ya kawaida kuunda jimbo, kulikuza, kulipunguza, kubadili mpaka au jina. Muswada huingia kwa pendekezo la Rais tu, maana yake serikali kuu ikiwa haitaki, hakuna muswada. Ukigusa mpaka au jina la jimbo, Rais huupeleka kwanza kwa bunge la jimbo hilo litoe maoni ndani ya muda uliowekwa. Kikomo hicho cha muda kiliongezwa na Marekebisho ya Tano ya 1955 ili majimbo yasikae na muswada milele. Maoni si kura ya turufu. Katika kesi ya Babulal Parate Mahakama ya Juu ilisema Bunge halifungwi nayo, wala muswada ukibadilishwa njiani haurudishwi tena jimboni. Kwa Ibara ya 4, sheria hiyo haihesabiki kuwa marekebisho ya Katiba ingawa inabadili Jedwali la Kwanza na la Nne, kwa hiyo wingi wa kawaida wa kura unatosha.

Telangana ilithibitisha yote hayo. Bunge la Andhra Pradesh liliukataa muswada tarehe 30 Januari 2014. Lok Sabha, baraza la chini la Bunge la India, iliupitisha 18 Februari, Rajya Sabha, baraza la juu, 20 Februari, na jimbo likaanza 2 Juni. Kinyume chake, bunge la Uttar Pradesh liliazimia Novemba 2011 jimbo ligawanywe sehemu nne, na hakuna kilichofuata. Azimio la jimbo hupendeza kwenye vichwa vya habari. Usilichukulie kama nusu ya safari.

Muswada ukitoka, usome kuanzia nyuma. Majedwali ya taluka na vijiji, mgawanyo wa viti, mahakama kuu, maji na watumishi yako huko. Kosa la jina la kijiji katika jedwali hurekebishwa kwa urahisi kabla ya kura, na kwa miaka mingi baada yake.

Mabaki ya mpaka

Mpaka uliosalia na ubishi una njia nne. Mapatano ya serikali mbili yanayofungwa kwa sheria ya Bunge, kama ya Pataskar, ndiyo yenye mafanikio. Mabaraza ya kanda yaliyoundwa na Sheria ya Kupanga Upya Majimbo ya 1956 ni ya ushauri. Tume ya mtu mmoja hutegemea ikiwa pande zote ziliahidi kutii kabla ya ripoti: Tume ya Mahajan, iliyoundwa 1966, ilipendekeza mwaka uliofuata vijiji 264 viende Maharashtra na 247 viende Karnataka, Belagavi ibaki ilipo na sehemu ya Kasaragod itoke Kerala. Maharashtra iliikataa, Kerala haikuachia kitu, na Karnataka bado inaitaka itekelezwe kama ilivyo.

Ya nne ni kesi kati ya majimbo mbele ya Mahakama ya Juu kwa Ibara ya 131. Maharashtra iliifungua 2004 ikidai vijiji 814 pamoja na mji wa Belagavi. Kabla ya kuchagua njia hii, pima muda: wakati kesi ikiwa kwenye orodha, Karnataka ilijenga Suvarna Vidhana Soudha huko Belagavi, ikaizindua 2012, na bunge lake hukutana humo karibu kila mwaka.